Stendi ya kamera yenye mota kwa kunakili hati za zamani: ninunue au niiache?

BintiMkomani, Lamu

Assalaam aleikum, jamaa.

Nina sanduku la marehemu babu yangu. Alikuwa nahodha wa jahazi, na alipoacha bahari akawa akiwaandikia watu barua na hati hapa Mkomani. Ndani mna daftari zake za safari kwa herufi za Kiarabu, hati za kuuziana nyumba, barua za Unguja na za Mukalla kule Yemen, vitabu viwili vya dua vilivyoliwa na wadudu pembezoni, picha za studio za watu ambao ni mama peke yake anayewajua majina, na ramani moja ya bahari iliyokunjwa hata mikunjo yenyewe imekatika. Juu ya hayo yote bibi aliweka doti zake za leso ambazo hakuwahi kuzikata.

Kila nikilifungua sanduku nabaki na unga wa kahawia vidoleni, na roho inaniuma kwa sababu najua unga huo umetoka wapi. Nataka kupiga picha karatasi zote, tena vizuri, ili pasiwe na haja ya kuzifunua ovyo baadaye. Wazee wa nyumba wamesema sanduku halitoki mlangoni. Mimi niko pamoja nao.

Sasa yuko mtu Malindi anafunga studio yake na anauza stendi ya kunakilia. Amenitumia video. Chini kuna ubao mweusi wa kulazia karatasi, nyuma yake nguzo ya chuma, na kwenye nguzo kuna mkono unaoshika kamera ikitazama chini. Ukibonyeza kitufe, mota inaupandisha au kuushusha mkono. Kila upande kuna taa. Bei yake nikiilipa sitaweza kununua kamera. Nitatumia ya binamu yangu, ya fremu kamili, megapikseli 24, na lenzi ya milimita 50.

Mota hii ina faida ya kweli, au nitakuwa nanunua anasa? Simu haiwezi kazi hii? Taa zile hazitazichoma hati? Na stima ya huku ikipotea katikati ya kazi, kuna hatari gani?

KijanaWaLangoni

Dadangu, usijisumbue hivyo. Maduka ya fotokopi siku hizi yana mashine zinazovuta karatasi zenyewe. Unaweka bunda juu, dakika chache tu umepata PDF yote kwenye fleshi. Wazee wakikataa, waambie utakaa pale pale ukiangalia mpaka imalizike. Pesa ya stendi ni nyingi kwa kazi ya mara moja.

FundiPicha, Malindi

Waaleikum salaam, binti yangu. Na wewe kijana, najua umesema kwa nia njema, lakini nakuomba unisikilize, maana ushauri huo ukifuatwa kuna karatasi ambazo zitatoka upande wa pili vipande vipande.

Katika kazi hii kuna mota za namna mbili. Kuna mota inayovuta karatasi, na kuna mota inayosogeza kamera. Mwaka 1928 kampuni ya Kodak ilianza kuuza mashine iliyoitwa Recordak, iliyotokana na wazo la mtu wa benki wa New York, George McCarthy. Ilikuwa ya kunakili hundi kwenye filamu ndogo. Hundi ilipita kwenye mkanda, ikapigwa picha ikiwa mwendoni, ikatoka. Kwa hundi ni sawa: karatasi ngumu, vipimo karibu sawa, na benki ilitaka kubaki na kumbukumbu kabla ya kumrudishia mteja. Kwa vitabu, magazeti na ramani ikatumika mashine ya namna nyingine, ambamo karatasi imelala mezani bila kuvutwa na kitu, na kamera iko juu yake kwenye nguzo. Skana ya dukani inayomeza bunda ni ya ukoo wa ile ya hundi. Hiyo stendi unayoiwazia ni ya ukoo wa pili. Karatasi inayoacha unga mkononi isipite kwenye magurudumu ya mpira kamwe, hata mwenye duka awe mpole vipi.

Sasa nikujibu swali lako. Mota haipigi picha nzuri. Unaweza kuwa na mota ya bei kali na bado ukapata herufi zilizofifia upande mmoja na kali upande mwingine. Kinachotangulia ni kwamba sensa ya kamera, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea picha, na karatasi ziwe sambamba kabisa. Pimamaji inasaidia, lakini inakwambia tu kwamba ubao uko sawa na dunia, na ubao wa stendi kuukuu huwa na mbonyeo wake. Mimi hutumia kioo cha kujitazamia. Kilaze katikati ya ubao, washa skrini ya kamera, kisha elekeza fokasi kwenye lenzi yenyewe unayoiona ndani ya kioo. Kitobo cha lenzi kikikaa katikati kabisa ya fremu, uko sawa. Kikiegemea upande, legeza kamera, weka vipande vya karatasi ngumu chini ya bamba lake, rekebisha mpaka kikae. Kagua hivyo kila asubuhi kabla ya kazi, na kila mara mtu akiigonga meza.

Hapo ndipo mota inapoanza kuwa na maana, na ndiyo sababu kwa sanduku lako mimi nasema inafaa. Ungekuwa na daftari za vipimo vimoja tu, ungefunga kamera mara moja na usingeisogeza tena. Mota ingelala bure. Lakini wewe una kitabu cha dua cha kiganja, una hati ndefu, una picha za studio, una ramani. Kwa kila badiliko kamera lazima ipande au ishuke. Kwa mkono, unalegeza skrubu, mkono wa stendi unashuka kidogo kwa uzito, unaukaza, na kule kuukaza kunaupinda. Ule usambamba uliouhangaikia asubuhi umekwenda. Mota inausogeza mkono bila wewe kuugusa, na zile zenye kuhifadhi vimo zinarudi pale pale ulipokuwa kabla ya mapumziko ya swala. Muulize muuzaji kama yake inahifadhi vimo. Kama haihifadhi, bandika utepe wa sentimita kwenye nguzo, uandike kimo cha kila aina ya karatasi kwenye daftari.

Kuhusu kimo: kwa fremu kamili na lenzi ya 50, karatasi ya A3 inahitaji kamera iwe karibu sentimita 75 hadi 80 kutoka kwenye ubao, ukiacha nafasi kidogo pembeni. Lenzi ya 100 ingekudai karibu mara mbili ya hapo, na nguzo nyingi haziendi huko. Kwa hiyo lenzi ya binamu yako ni nzuri kwako. Megapikseli 24 kwenye A3 zinakupa kama pikseli 300 kwa kila inchi, na ukishuka kwenye A4 unapata 400 na zaidi. Kwa maandishi hayo ni mazuri sana. Utaziona nukta za herufi na mahali kalamu ilipochovywa wino upya. Funga tundu la lenzi kwenye f/8, wepesi wa kupokea mwanga uwe ISO 100, piga RAW, yaani faili ghafi ambayo kamera haijaigusa, na shata uifyatue kwa rimoti au kutoka kwenye kompyuta, usiiguse kamera.

Taa. Ziwe mbili zinazofanana, kushoto na kulia, kila moja ikimulika kwa nyuzi 45. Simamisha penseli katikati ya ubao. Itatoa vivuli viwili. Vikiwa na urefu mmoja na weusi mmoja, taa zako zimelingana. Kisha piga picha karatasi nyeupe tupu na ulinganishe mwanga wa katikati na wa pembe nne kwenye kompyuta. Pembe zikiwa nyeusi, rudisha taa nyuma, usiziongeze ukali. Kama taa za stendi hiyo ni za halojeni, na za studio za zamani mara nyingi ni hizo, zing'oe. Zinatoa joto ambalo karatasi kavu itajikunja mbele ya macho yako. Weka za LED zenye CRI, kipimo cha taa kuonyesha rangi kwa ukweli wake, ya 95 au zaidi. Hizo hazina joto la kutisha na miali yake ya urujuanimno ni kidogo mno. Hata hivyo zizime unapofunua ukurasa unaofuata au ukienda kunywa chai.

Simu usiidharau, ila iwe ya kazi yake. Ipige picha ya kila kitu kwa mpangilio kilivyo ndani ya sanduku kabla hujagusa, iwe orodha yako. Lakini kwa nakala yenyewe hapana. Simu inaamua yenyewe kuongeza makali, kung'arisha kivuli, kulainisha doa, na wewe hujui imebadilisha nini. Doa la chumvi kwenye daftari la nahodha ni sehemu ya hati.

Jambo la mwisho nalisema kwa sababu nimefanya kazi Lamu na nazijua nyumba zenu. Usiweke stendi ghorofani. Sakafu ya boriti na chokaa ni imara kwa kukaa watu, lakini mtoto akikimbia chumba cha pili kamera inatikisika, na kwa shata ya nusu sekunde herufi zinakuwa mbilimbili. Weka chini, mbali na ukuta wa njiani wanakopita punda. Chumba kisicho na dirisha ndicho kizuri, mwanga wa nje usichanganyike na wa taa. Na kuta nyeupe za chokaa zinarudisha mwanga. Tundika kitambaa cheusi nyuma na juu ya kamera, kipande cha buibui kuukuu kinatosha, ukitoboe tundu la lenzi tu.

BintiMkomani, Lamu

Ahsante sana, ami. Nimeisoma mara nyingi na nimemsomea mama.

Nimemuuliza muuzaji. Taa ni za halojeni kama ulivyosema. Nguzo ni ya mita moja. Haihifadhi vimo, ina vitufe viwili tu vya juu na chini. Hajui kama ndani ni skrubu au mkanda, anasema hajawahi kuifungua. Chumba ninacho: kile cha ndani chini, chenye zidaka, hakina dirisha. Kila upande wa nguzo kuna mabaka ya kutu.

Wasiwasi wangu mkubwa sasa ni stima. Nikiwa nimelaza kitabu cha dua na kamera iko juu yake, umeme ukakatika, ule mkono unabaki au unaanguka?

MotaNaNati, Malindi

Dada, hilo ndilo swali la kuulizwa kabla ya bei, na limenifurahisha kwamba umeliuliza.

Inategemea kilichomo ndani ya nguzo. Kama ni skrubu ndefu yenye meno ya kubana, ambayo kila mzunguko inapandisha milimita 2 hivi, uzito wa kamera hauwezi kuizungusha kinyume. Stima ikienda, mkono unakaa pale pale. Kama ni skrubu ya mwendo wa kasi, milimita 8 kwa mzunguko, inaweza kuteleza taratibu kamera ikiwa nzito. Na kama ni mkanda wa meno, umeme ukikatika hakuna kinachoushika isipokuwa breki au jiwe la kusawazisha upande wa pili. Bila hivyo kamera inashuka juu ya kitabu.

Huna haja ya kufungua ili ujue. Mwambie afunge kamera, au mfuko wa mchanga wa uzito huo huo, aupandishe mkono hadi juu kabisa, halafu achomoe waya ukutani huku mota inatembea. Akutumie video bila kukata. Mkono ukisimama, endelea na mazungumzo. Ukishuka hata kidogo, mwache na stendi yake, au ununue kwa bei ya chuma tu mimi nikuwekee skrubu nyingine. Hata ukisimama, nunua kola ya chuma ya kufunga kwenye nguzo chini ya mkono, uikaze kila unapofika kwenye kimo chako. Gharama yake ni ndogo na utalala usingizi.

Watu huuliza sana usahihi wa mota na kwa kweli hapo hakuna shida. Mota ya hatua, inayozunguka kidogo kidogo, kwa kawaida ina hatua 200 kwa mzunguko. Kwenye skrubu ya milimita 2 kila hatua ni sehemu moja ya mia ya milimita. Karatasi yenyewe ina mawimbi makubwa kuliko hayo. Shida iko kwenye nati iliyolika. Ukishuka kisha ukapanda, kuna nafasi tupu kabla mkono haujaanza kusogea, na kimo hakirudi pale pale. Dawa yake ni kufika kwenye kimo ukitoka upande mmoja siku zote. Mimi hushuka chini kupita alama, halafu napanda taratibu mpaka kwenye alama. Kisha subiri sekunde chache mtetemo uishe ndipo ufyatue.

Kutu kwenye nguzo inafutika. Kinachonitia hofu ni chumvi ndani. Kwa hewa ya Lamu, skrubu ifutwe kwa kitambaa kikavu, ipakwe grisi nyembamba, na grisi ya zamani iliyoshika mchanga itolewe kwanza kwa mafuta ya taa. Usiipake nyingi, tone likidondoka kwenye hati halitoki tena. Kisanduku cha vitufe kitie pakiti za silika za kunyonya unyevu na ukifunge. Tazama nyuma ya adapta: kama imeandikwa volti 12 au 24 ya umeme wa betri, unaweza kuiendesha kwa betri ya sola na ukaachana na hofu ya stima kabisa. Taa za LED vilevile.

Ukiinunua, mota ing'olewe kabla ya safari. Mitetemo ya safari inaweza kupinda skrubu ndefu ikiwa imebeba mkono. Nguzo isafiri ikiwa imelazwa, mkono peke yake, mota peke yake ndani ya plastiki mbili kwa ajili ya maji ya chumvi kwenye boti.

KaratasiKuukuu, Mombasa

Samahani kuingilia, lakini mafundi mmesema sana juu ya chuma na kidogo juu ya karatasi.

Dada, kabla ya yote: wazee wako wako sawa. Hati za Msikiti wa Riyadha hapo hapo Lamu zilipigwa picha chini ya mpango wa Endangered Archives Programme wa British Library, wa kunakili kumbukumbu zilizo hatarini kupotea, ulioanza mwaka 2004, na moja ya masharti ya mpango ule ni kwamba hati za asili zibaki katika nchi yake. Picha ndizo zinazosafiri. Kwa hiyo usione haya kusema hazitoki.

Huo unga wa kahawia huenda ni ngozi ya majalada au kingo za karatasi zilizozeeka. Angalia pia kama kuna mahali ambapo mistari ya maandishi imetoboka yenyewe kama imekatwa kwa wembe. Ukiona hivyo, ni wino wa zamani uliotengenezwa kwa chumvi ya chuma, unaokula karatasi. Kurasa hizo zipige kwanza, na usizikunje hata kidogo. Laza karatasi nyembamba safi chini ya ukurasa unapoufunua, uubebe kwa karatasi hiyo, usiushike kwa pembe.

Mikono mitupu, iliyooshwa na kukaushwa vizuri. Watu hupenda kuvaa glavu za pamba kwa sababu wameziona kwenye televisheni, lakini ukiwa na glavu huisikii karatasi, na nyuzi zinanasa kwenye mipasuko. Glavu za mpira laini zivae kwa zile picha za studio tu, maana alama ya kidole kwenye picha inabaki. Na feni zima. Najua joto la Lamu, lakini feni imepeperusha kurasa nyingi kuliko upepo wa kaskazi.

Vitabu vya dua usivilazimishe kulala wazi. Mgongo ukivunjika hakuna mota itakayokusaidia. Kifungue nusu tu, kama pembe ya ukuta na sakafu au zaidi kidogo. Ukurasa unaoupiga ulale bapa juu ya ubao, na upande mwingine uegemezwe kwenye kipande cha sponji ngumu kilichofunikwa kitambaa safi. Piga kurasa zote za kulia kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha kigeuze kitabu na upige zote za kushoto. Ndiyo, utafunua mara mbili, lakini mgongo utapona. Ukishamaliza, faili ziunganishwe ziende kwa mpangilio wa kitabu chenyewe, kuanzia kulia. Nimeona kazi nzuri ya watu imeharibika kwa sababu programu iliwapangia kurasa kwa kufuata kitabu cha Kiingereza, na msomaji anaanza dua kutoka mwisho.

Usikate pembezoni. Picha ioneshe ukingo wote wa karatasi, na kando yake uweke rula na kadi ya rangi, ile yenye rangi zinazojulikana za kulinganishia, hata kama kadi utaiweka kwenye picha ya kwanza ya kila kitabu peke yake. Piga majalada, piga kurasa tupu, piga vijikaratasi vilivyochomekwa katikati pale pale vilipo kabla ya kuvitoa. Nahodha aliyeandika hesabu ya mchele nyuma ya ukurasa wa dua ametuachia habari mbili.

Jaribu na hili kwenye karatasi imara: iweke juu ya bamba jembamba la LED kwa muda mfupi, mwanga utoke chini. Mara nyingi kwenye hati za pwani yetu utaona alama ya miezi mitatu ndani ya karatasi. Hiyo ni karatasi ya Kiitalia iliyouzwa sana nchi za Waislamu. Piga picha ya alama hiyo pia; wanaosoma hati huitumia kukisia umri wake.

Ramani yako usiibandike selotepu, hata ile wanayosema ni ya vitabu. Usiinyunyizie maji ili ilainike. Ilaze vipande vyake karibu karibu, uweke kioo chepesi juu ikiwa tu inakubali kulala bila kupasuka, na uipige kwa sehemu.

BintiMkomani, Lamu

Mungu awalipe nyote. Video imekuja leo: amechomoa waya mota ikiwa inatembea, na mkono umesimama pale pale. Adapta ni ya volti 24. Tumekubaliana bei bila zile taa za halojeni, na binamu yangu atakwenda kuifungua yeye mwenyewe kule Malindi pamoja na MotaNaNati.

Alama ya miezi mitatu nimeiona! Kwenye hati ya nyumba, nilipoiinua mbele ya taa. Mama alikaa kimya kwa muda mrefu akiitazama, halafu akaniambia tuanze na daftari za safari, siyo hati za nyumba kama nilivyopanga. Anataka kusikia zikisomwa.

Yamebaki mambo mawili. Ramani nimeipima, ni karibu A0. Na leso za bibi, zile doti ambazo hazijakatwa: nazo nizipige kwenye stendi hii hii? Nataka jina la kila leso lisomeke na pindo lake lionekane rangi zake kweli.

FundiPicha, Malindi

Ramani kwanza. A0 ni milimita 841 kwa 1189. Ukitaka pikseli 300 kwa inchi, kamera yako inafunika kama sentimita 50 kwa 34 kwa picha moja. Ukiacha kila picha ipandane na jirani yake kwa karibu theluthi, utapata picha 12, safu nne za picha tatu tatu, kisha programu itaziunganisha. Kamera isisogee kabisa, wala kimo kisibadilike. Ramani ndiyo isogezwe, na kwa sababu imekatika ilaze juu ya ubao mwembamba mkubwa, usogeze ubao. Chora mistari ya penseli kwenye meza ili ujue unasogeza hadi wapi. Kuna stendi kubwa ambazo meza yake nayo ina mota za kwenda kushoto na kulia, lakini kwa ramani moja haina haja.

Leso hapana. Leso moja ni karibu sentimita 150 kwa 110. Kuiingiza yote kwenye fremu kwa lenzi ya 50 ungehitaji kamera iwe zaidi ya mita mbili juu yake, na nguzo yako ni ya mita moja. Itundike ukutani kwenye ufito, ipigwe mwanga na zile taa mbili mpya zikiwa mbali zaidi, kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, kimo chake katikati ya leso. Doti isiyokatwa ipige nusu moja, kisha nusu ya pili, na katikati mahali pa kukatia paonekane kwenye picha zote mbili. Utapata kama pikseli 90 hadi 100 kwa inchi. Jina litasomeka vizuri, na mji, yaani sehemu ya katikati, na pindo vitaonekana. Halafu shusha kamera kwenye stendi na upige kipande kidogo cha kila leso kwa karibu, pale penye jina, ili ufumaji na wino uonekane. Kadi ya rangi iwemo kwenye kila picha ya leso, siyo ya kwanza tu, maana nyekundu ya leso inaipumbaza kamera kila ukibadilisha kitambaa.

Faili zako: TIFF moja, yaani faili ya picha isiyobanwa, ya kamera hiyo kwa biti 8 ni kama megabaiti 72, kwa hiyo kurasa elfu moja ni gigabaiti 72, na RAW juu yake. Nunua diski mbili za aina tofauti, na nakala ya tatu mpe ndugu anayekaa mbali na Lamu. Usisubiri mpaka umalize sanduku zima. Nakili kila jioni kabla ya kuzima kompyuta.

Na binamu yako akija Malindi aje na kamera yenyewe, tuifunge kwenye mkono na tuijaribu na kioo hapa hapa kabla pesa hazijatoka.